Mwezeshaji anayejua hisabati na asiyejua heshima

Bado nina hasira, mnisamehe. Wiki mbili tatu hivi zimepita tangu tutoke kwenye mafunzo kazini ya siku tatu, walimu wa madarasa ya chini kutoka kata yetu na kata jirani. Kituo sikitaji, wala jina la mwezeshaji.

Siku ya pili alikuwa kwenye kazi za vikundi: watoto watano watano, kila kikundi na zana zake. Mama mmoja, mwalimu aliyebakiza miaka michache astaafu, akanyoosha mkono. Akauliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, kiwango ni watoto 45. Mimi darasa la pili ninao 138 chumba kimoja, pa kusogeza dawati hakuna. Vikundi nivipangeje?" Swali la ukumbi mzima lile. Jibu lake: "Mama, ukiona umechoka, staafu uwapishe vijana."

Kimya. Mama akakaa, akafunga daftari lake taratibu, akalaza kalamu juu yake. Nyuma yangu alikuwepo kijana wa ajira mpya ambaye mama huyu ndiye aliyemfundisha kusoma. Aliinamisha kichwa. Na mimi sikusema neno, jambo linaloniuma mpaka leo.

Wakati wa chai nikamfuata mama. Akanieleza anavyofanya: dawati la mbele wanageuka, wanatazamana na wa nyuma yao, tayari kikundi, hakuna kilichosogezwa. Kumbe njia anayo! Alitaka tu kujua kama ipo nzuri zaidi. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kuambiwa amechoka?

Nikaapa sirudi. Mafunzo hayafai, posho yao wabaki nayo.

Nikarudi, nashukuru nilirudi. Yule yule bwana akaandika ubaoni 52 − 27, akasema watoto wenu wengi wataandika 35. Kweli tupu, mimi huwa naweka kosa jekundu na kuendelea. Akasema kabla ya kalamu nyekundu muulize, "Umepataje?" Atakwambia saba toa mbili ni tano. Ametoa ndogo kwenye kubwa, kama tulivyomzoesha. Kisha akatoa njiti zilizofungwa kumi kumi kwa mpira, akapanga mafungu matano na njiti mbili. Toa saba. Hazitoshi. Akafungua fungu moja, mbili zikawa kumi na mbili, mafungu yakabaki manne. Miaka kumi na moja nimewaambia watoto "kopa kwa jirani" bila kuwaonyesha huyo jirani anakopwa nini.

Jumatatu nilivunja fagio la chelewa, tukafunga njiti darasani. Binti mmoja ambaye hesabu za kutoa humliza alifungua fungu lake, akahesabu kwa sauti mpaka kumi na mbili, halafu bila kuambiwa akakata 5 kwenye daftari na kuandika 4 juu yake. Nilisimama pale nikimtazama.

Basi niseme nini? Nendeni, somo lile la kutoa peke yake linatosha nauli. Lakini nikimkumbuka mama na daftari lake narudi nyuma. Mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unataka walimu tukae kwenye jumuiya za kujifunza, tena shuleni kwetu, tuulizane tunachokwama. Nani atauliza tena mbele ya mtu wa hivyo? Siku ya tatu, wakati yeye anafungua njiti zile, mama hakuandika hata mstari mmoja. Somo zuri kuliko yote, na aliyelihitaji kwa watoto 138 tayari alishafungiwa mlango.

Tulipopewa fomu ya tathmini, kwenye umahiri wa somo nilimpa alama zote, sikumdhulumu. Pa kuandika kuhusu heshima hapakuwepo. Nikageuza karatasi, nikaandika nyuma: mama yule aombwe radhi, mbele ya wale wale waliosikia.