Uzoefu wangu: siku mbili za baiskeli Iringa, na pole ambayo mjomba hakupewa

Nilijiwekea ahadi ya kutoandika chochote mpaka hasira ipungue, lakini majuma yamepita na haijapungua, kwa hiyo naandika nikiwa nayo. Kampuni iliyotukodisha baiskeli na kutupangia matembezi ya siku mbili katika vijiji vya Iringa singempendekezea mtu yeyote ninayemheshimu, na hasa anayesafiri na mzee wake. Nayasema haya nikijua kwamba matembezi yenyewe, yaani njia, mandhari na kijana aliyetuongoza, ni zawadi nzuri kuliko zote nilizowahi kumpa mjomba wangu, na hilo ndilo linalozidi kuniuma.

Mjomba ni mwalimu mstaafu wa somo la historia. Kwa zaidi ya miaka 30 amewafundisha watoto wa watu habari za Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, jinsi Wahehe walivyolishinda jeshi la Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, na jinsi ngome yake ya Kalenga ilivyoanguka mwaka 1894, bila yeye mwenyewe kupata nafasi ya kufika Kalenga. Nilipomwuliza kama angependa twende kwa gari au kwa baiskeli, alijibu bila kusita kwamba ujana wake wote alikwenda kazini kwa baiskeli, na kwamba nchi huonekana vizuri zaidi kwa mwendo huo. Alikuwa na haki kabisa.

Tulitoka mjini asubuhi, baridi ya Iringa ikiuma vidole kwenye breki, wakati alizeti zilipokuwa zimeanza kuinamisha vichwa mashambani. Kijana wetu alituepusha na barabara kuu ya Mbeya, ambako malori hayampi nafasi mwendesha baiskeli, akatupitisha njia za pembeni zinazopanda na kushuka polepole katikati ya mahindi, chini ya vilima vyenye majabali makubwa ya mviringo. Kina mama waliokuwa wakitoka kisimani walitusalimu "Kamwene", nasi tukajifunza kuitikia. Tulipishana na vijana wenye baiskeli za keria nzito, magunia ya mkaa yamefungwa kwa mipira mpaka mwendeshaji haonekani kwa nyuma, na kila mmoja alimpa mjomba shikamoo, hata yule aliyekuwa akihema kwenye mlima.

Kisha likaja jambo la mbigili. Anayezijua njia za mashambani baada ya mvua anajua kwamba mbigili hutoboa tairi kama sindano, na wenye kazi hiyo wanapaswa kulijua kuliko sisi wageni. Tairi la nyuma la mjomba liliisha upepo katikati ya njia, mbali na duka lolote. Kijana alifungua mfuko wa vifaa aliokabidhiwa ofisini, na hapo ndipo nilipoanza kukasirika, kwa sababu mlikuwa na tyubu mbili mpya za inchi 26, ilhali baiskeli zote tatu tulizopewa zilikuwa za inchi 29. Viraka vilikuwepo, lakini kichupa cha solusheni kilikuwa kimekauka kiasi kwamba alipokikamua kilipasuka upande. Nilimwona kijana wa watu akiinamisha uso kwa aibu ambayo haikuwa yake, maana mfuko ule hakuufunga yeye.

Pancha si kosa. Hata vifaa visivyofaa ningevisamehe, kwa kuwa binadamu husahau. Lakini kijana alipompigia simu meneja wake kuomba aletewe tyubu, mjomba aliomba azungumze naye mwenyewe, akaanza kama anavyoanza siku zote: "Habari za saa hizi, ndugu yangu, poleni na kazi." Hakujibiwa salamu. Simu ilikuwa kwenye spika, na sote watatu tulisikia: "Baiskeli imetoka hapa nzima. Wewe mzee kama hujui kuendesha ungebaki nyumbani, usitupotezee muda." Kisha simu ikakatwa.

Mjomba alimrudishia kijana simu yake, akapangusa vumbi kwenye suruali, akasema, "Haya, tusukume." Hakusema neno jingine kwa muda mrefu, na mimi niliyekulia mikononi mwake najua ukimya ule una maana gani.

Tulisukuma baiskeli zaidi ya saa nzima kwenye jua. Katika kijiji tulichofikia tulimkuta fundi baiskeli chini ya mti, ana beseni la maji, kipande cha msasa na tyubu kuukuu za kukatia viraka. Alimsalimu mjomba, akampa pole ya safari, akamwita mkewe alete kigoda, na mjomba alipokwisha kukaa ndipo alipoanza kazi. Alizamisha tyubu kwenye maji sehemu baada ya sehemu mpaka mapovu yakatoka mahali pawili, akapakwaruza taratibu, akapaka solusheni na kuipuliza kwa pumzi mpaka ikashika, akabandika na kupigapiga kwa mpini wa bisibisi. Kisha, jambo ambalo kampuni nzima haikulifikiria, alipitisha vidole ndani ya tairi na kuchomoa miiba mitatu iliyokuwa bado imejificha. Alidai shilingi 1,000. Nilimpa zaidi, akakataa mpaka mjomba alipomsihi.

Kwa kuchelewa huko tulifika makumbusho ya Kalenga mtunzaji akiwa ameshika funguo anataka kufunga. Alipoelezwa yaliyotupata alifungua tena. Mjomba alivua kofia, akasimama mbele ya sanduku la kioo lenye fuvu la Mkwawa, fuvu ambalo mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani ilirudishe, na ambalo halikurudi mpaka mwaka 1954, Gavana Twining wa Tanganyika alipomkabidhi Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa. Mjomba alizitaja tarehe hizo kwa sauti ndogo, moja baada ya nyingine, kama anayehakikisha kwamba kwa miaka yote ile hakuwadanganya wanafunzi wake. Alipata dakika 20, naye alistahili mchana kutwa, na saa zilizobaki zilimezwa na tyubu za inchi 26.

Nikiwa na uchungu huo nilitaka tuiache siku ya pili, lakini kijana alikuja asubuhi na pampu ya rafiki yake na solusheni aliyoinunua kwa fedha zake mwenyewe, tukashindwa kumkatalia. Alitupeleka Isimila, tukashuka kwenye korongo lenye nguzo ndefu zilizochongwa na maji, ambako watu wa Zama za Mawe waliacha zana zao, na mjomba akauliza maswali mengi mpaka mwelekezaji wa pale akamwita profesa. Nikiri kwamba jioni ile, tukirudi taratibu na moshi wa majiko ukipanda vijijini, nilikuwa tayari kusamehe na kuipa safari hii sifa zote.

Utayari huo uliishia mezani pa meneja. Mjomba alimsalimu, yule bwana akaendelea kuhesabu vifaa bila kuinua macho, kisha akakata shilingi 20,000 kutoka kwenye amana yetu kwa ajili ya "tyubu iliyoharibiwa", tyubu ileile iliyokwenda Isimila na kurudi ikiwa imejaa upepo. Nilipoinua sauti mjomba alinishika mkono akaniomba tuondoke.

Kwa hiyo siwezi kusema msiende Iringa kwa baiskeli. Nendeni, mkiweza tafuteni kijana anayezijua njia mlipane naye moja kwa moja, na kabla ya kuondoka fungueni mfuko wa vifaa, linganisheni namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi na ile ya tyubu, mkamue solusheni muone kama inatoka. Ile kampuni, hapana. Nimewahi kufikiri kwamba labda meneja alikuwa na siku mbaya, lakini siku mbili mfululizo, na salamu mbili za mzee zikiachwa chini, zinanizuia kuendelea kufikiri hivyo.

Shilingi 20,000 wabaki nazo, nami sitazidai. Ninachodai, na namba ya simu wanayo kwenye fomu tuliyoijaza, ni kwamba yule meneja ampigie mjomba wangu, aitikie salamu yake mpaka mwisho, na amwambie pole.