Miaka miwili na miezi nane baada ya kukatwa tumbo ili nipungue uzito: oparesheni naipa nyota tano, huduma ya baadaye naipa mbili

Naandika hii kwa sababu kabla sijafanya nilihangaika sana kutafuta mtu ambae mda mrefu umepita tangu afanye, nikawa nakutana tu na wa mwezi wa pili mwezi wa tatu ambao mizani inashuka kila asubuhi na wana furaha yao, na mimi nilichokua nataka kujua ni mwaka wa pili na wa tatu mtu anaishije. Sasa mimi ndo nimefika huko, kwa hiyo naelezea.

Nilifanya slivu. Ni ile ya kukata mfuko wa tumbo kwa urefu, wanatoa kama asilimia 75 mpaka 80 kinabaki kipande chembamba kama ndizi. Sio baipasi, baipasi wanatenga kifuko kidogo sana juu alafu wanaunganisha utumbo upya, watu wengi wanachanganya hizi mbili na masharti yake hayafanani kila kitu. Nilikua na miaka 36, kilo 128, urefu sentimita 163. Sukari ilishaanza, presha nameza vidonge viwili kila siku, magoti yanauma, na usiku pumzi ilikua inakatika nikiwa usingizini mpaka mume wangu anakaa macho anasubiri nivute tena. Daieti nimefanya tangu nina miaka 19. Naweza kupunguza kilo 15, zikirudi zinarudi 20. Wanaosema tuliofanya hivi tumechukua njia ya mkato naomba wasome mpaka mwisho.

Oparesheni yenyewe sina cha kulalamika hata kimoja. Wiki mbili kabla niliwekwa kwenye vinywaji vya protini na supu nyepesi ili ini lisinyae, maana ini linakaa juu ya tumbo na kwa mtu mwenye uzito mkubwa linakua limevimba kwa mafuta, lisipopungua daktari anakosa nafasi ya kupitisha vyombo. Matundu matano madogo, saa moja na nusu, jioni ile ile nesi akanisimamisha nitembee korido nzima huku nimeshika stendi ya dripu, sababu wanaogopa damu kuganda miguuni. Kilichoniuma zaidi wala sio tumbo, ni bega la kushoto! Hakuna aliyeniambia kabla kwamba ile gesi wanayojaza tumboni wakati wa upasuaji inachokoza kile kiwambo kinachotenga kifua na tumbo na maumivu yanatokea begani, nilijua moyo umepata shida nikaanza kulia. Siku mbili likaisha. Daktari aliyenikata ni fundi kweli, vidonda vilifunga vizuri, tumbo halikuvuja pale lilipokatwa, sikupata homa. Nyota tano, narudia.

Sasa maisha.

Kitu nilichokikosa kuliko vyote, na hiki sijaona watu wanakisema, ni maji. Sio chakula. Wiki ya kwanza nilikua napimiwa maji kwenye kile kikopo cha dawa cha mililita 30, unakunywa funda dogo, unasubiri, funda lingine, na lengo ni lita moja na nusu kwa siku, yani siku nzima kazi yako ni kunywa. Ukizidisha funda moja kifua kinabana kama umemeza jiwe. Nilikua naota usiku nimeshika glasi kubwa ya maji ya baridi naigida yote bila kupumua. Mpaka leo siwezi kugida. Nakunywa vizuri tu, ila kidogo kidogo, na siwezi kunywa wakati wa kula, nasubiri nusu saa baada ya chakula ndo naanza tena. Mtu mwenye kiu ya jua kali atanielewa hapa. Hiyo ni ya maisha, jiandae nayo.

Alafu yai. Wiki ya tano niliruhusiwa vyakula laini na mama akanichemshia yai, akalimenya akaliweka kwenye kisahani cha chai pamoja na kijiko kidogo. Nimekaa mezani nikakata kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, nikatafuna mpaka kikawa maji, nikameza, nikaweka kijiko chini kama nilivyofundishwa. Kipande cha pili. Cha tatu. Dakika ishirini na tano zimepita yai limefika nusu na nilikua nimeshiba kabisa, yani kushiba kule kwa sikukuu, na mama amekaa mbele yangu ananiangalia machozi yanamlenga, akaniambia mwanangu ndo hivi utakula siku zote? Nikamwambia sijui mama. Na kweli nilikua sijui. (Siku zote sivyo, saivi nakula yai moja zima na kipande cha mkate au kipande cha samaki kama kiganja bila vidole na mboga kidogo, natosheka.)

Dalili ya kushiba nayo imebadilika. Zamani nilikua nasikia tumbo limejaa. Saivi pua inaanza kutiririka. Nacheka na watu mezani ghafla natafuta kitambaa, nikifuta pua tu najua hapo hapo natakiwa kuacha, nikiongeza kijiko kimoja tu basi. Nikiongeza, au nikila haraka, au nyama kavu ambayo sijaitafuna vizuri, yanakuja mapovu, sio kutapika kama kule kwa kawaida, ni mate mazito meupe yanapanda tu yanapanda na kifua kinauma mpaka kile kipande kishuke au kirudi. Mara ya mwisho ni miezi minne iliyopita kwenye sherehe, nilikua naongea huku nakula, nikakaa chooni dakika arobaini.

Njaa kwa miezi saba hivi sikuwa nayo kabisa. Ile sehemu ya tumbo inayotolewa ndo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, grelini, kwa hiyo inashuka sana. Nilikua nakula kwa alamu ya simu. Lakini hamu haikuondoka hata siku moja! Nikikasirika nafungua friji. Nikichoka nafungua friji. Nasimama pale mlango wazi baridi linanipiga, sina njaa, sitaki kitu, na mkono unatafuta. Hapo ndo niliona kwamba miaka yote ile kuna mengine nilikua nayatuliza kwa chakula na sasa nimebaki nayo bila dawa. Mwezi wa nane njaa ikarudi kidogo kidogo, ndogo sio kama ya zamani, ila ilinitisha sana nilidhani tumbo limetanuka, kumbe ni kawaida.

Uzito kwa wanaotaka namba: mwezi wa tatu kilo 107, mwaka mmoja kilo 82, chini kabisa nilifika 78 mwezi wa kumi na sita, leo nina 84. Ndio zimerudi sita. Niliambiwa baadae kwamba wengi zinarudi kiasi baada ya mwaka wa pili, na ningejua mapema nisingejitesa vile nilivyojitesa. Wiki ya tatu pia mizani ilisimama siku kumi na mbili sijapungua hata gramu, inawatokea wengi, usiite hospitali usiku kama mimi. Dawa ya sukari niliachishwa, presha nimebaki na kidonge kimoja, na kukatika pumzi kumeisha, mume wangu siku hizi analala.

Nywele. Mwezi wa nne nilikua nikipitisha chanuo inatoka fundo zima, bafuni kumejaa, mto wa kulalia umejaa. Uzito ukishuka haraka mwili unasitisha nywele kwanza, kwa wengi inaanza kati ya mwezi wa tatu na wa sita alafu zinaota tena. Zangu zimeota. Ila kula protini, mimi niliambiwa gramu 60 mpaka 80 kwa siku na sikuwa nafikisha hata 40, hilo ni kosa langu.

Sasa nije kwenye zile nyota mbili, na hapa ndo nataka mnisikilize.

Kabla ya oparesheni hospitali ile ilikua inanipigia simu kila siku mbili. Umefika wapi, umeamua, ukilipa mwezi huu kuna punguzo. Baada ya oparesheni niliitwa wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu, basi, kimya. Nilipewa karatasi moja imeandikwa vitamini kila siku, haijaandika ni kwa mda gani wala haijaandika kwa nini. Vile vidonge vilikua vinanichefua, nilipomaliza chupa ya tatu nikasema mbona niko vizuri, nikaacha. Hakuna aliyeniuliza. Hakuna aliyenipima damu!

Mwezi wa kumi na nne nikaanza kuchoka, nikasema ni kazi. Napanda ngazi za ofisini moyo unadunda kuliko nilivyokua na kilo 128. Alafu nyayo zikaanza ganzi, kama nimevaa soksi nzito wakati niko peku, na vidole vya miguu vinachoma choma usiku. Nikaanza kusahau maneno katikati ya sentensi. Nikapiga simu hospitali ile, dada wa mapokezi akaniambia faili langu limeshafungwa, nikitaka kumuona daktari nianze upya kama mgonjwa mpya. Nililia kwenye gari. Mtu amenitoa sehemu kubwa ya tumbo alafu ananiambia faili limefungwa?

Nikaenda kwa daktari mwingine kabisa, mama mmoja mtu mzima, aliposikia tu slivu na kwamba sinywi vitamini akaweka kalamu chini. Vipimo vikarudi vitamini B12 iko chini sana, madini ya chuma yameisha, vitamini D hakuna kitu. Akanielezea taratibu ambavyo hakuna mtu aliwahi kunielezea: B12 inahitaji asidi na kitu kingine kinachotengenezwa na tumbo lenyewe ili utumbo uweze kuifyonza, tumbo likikatwa hivyo vyote vinapungua, na mwili una akiba yake ndo maana mwaka mzima unaweza ukajiona mzima kabisa wakati akiba inaisha. Ganzi ikiachwa mda mrefu mishipa ya fahamu inaweza isirudi. Nikaanza sindano za B12, mwanzo mfululizo alafu kila baada ya miezi mitatu, chuma, kalsiamu ya sitreti ambayo haitegemei sana asidi, na kalsiamu na chuma usimeze pamoja vinagombana, tenganisha masaa mawili. Uchovu uliisha ndani ya wiki sita hivi. Ganzi ya mguu wa kulia imeondoka. Kidole gumba na cha pili cha kushoto bado mpaka leo navishika sivisikii vizuri.

Kwa hiyo ukienda kuulizia oparesheni hii usianze na bei wala picha za kabla na baada. Uliza nani atanipima damu mwezi wa sita, mwaka mmoja, na kila mwaka baada ya hapo. Uliza mtaalamu wa lishe yupo au ni karatasi. Uliza kuhusu mawe kwenye nyongo, kupungua haraka kunayaleta na kuna dawa ambayo madaktari wengi wanaandika miezi sita ya mwanzo, mimi sikuandikiwa, namshukuru Mungu sikupata ila mwenzangu tuliyelazwa wodi moja alirudi kutolewa nyongo mwezi wa tisa. Ukianza kutapika mfululizo siku kadhaa usivumilie nyumbani, vitamini B1 inaisha haraka sana na hiyo ni hatari ya ubongo. Kama una kiungulia kikali tangu zamani waambie kabla, slivu inaweza ikakizidisha. Wanawake, mimba subirini mwaka mpaka mwaka na nusu, na hedhi ambazo zilikua hazieleweki zinaweza kurudi kwenye mstari ghafla kwa hiyo jilindeni. Na pombe inapanda haraka kuliko zamani, mimi niliacha kabisa.

Mengine ya mwili nayapitia haraka. Ngozi inaning'inia mikononi na tumboni, inachubuka kwenye mikunjo, nguo inaficha. Baridi nasikia mimi tu chumba kizima. Kiti cha mbao kinaniumiza makalio maana nakalia mfupa, sikuwahi kujua nina mfupa pale. Na mpaka leo nikipita kati ya viti viwili nageuka ubavu na kuvuta tumbo ndani, nafasi inatosha watu wawili na bado nageuka, mwanangu ndo aliniambia mama mbona unapita hivyo.

Wanaouliza kama ningefanya tena, ndio ningefanya, kesho asubuhi, ila sio pale, na nisingesaini kitu mpaka nione ratiba ya vipimo imeandikwa kwa miaka. Sindano yangu inayofuata ni tarehe 14 na siku hiyo hiyo napima chuma na D, majibu yakitoka nitaongezea hapa.