Uhadhiri Ujerumani au Emirati: wapi pana nafuu?

Kwa mshahara, Emirati inaongoza bila ubishi. Hakuna kodi ya mapato, na vyuo vingi huongeza nyumba, tiketi za likizo, hata ada za watoto. Ujerumani, hati ya mshahara itakuacha mdomo wazi: kodi, pensheni, bima ya afya, theluthi au zaidi imeondoka kabla hujaigusa.

Uhakika wa kazi ndipo penye utata. Wengi hudhani Ujerumani ukishaingia umefika. Wapi! Sheria ya mwaka 2007 inaruhusu mikataba ya muda kwa miaka 6 kabla ya PhD na 6 baada yake. Usipopata nafasi ya kudumu, nazo hugombaniwa kweli, unafungasha. Emirati nako mkataba huhuishwa wakipenda, na viza kwa kawaida imefungwa kwenye kazi.

Utafiti? Ujerumani, hasa kwa watu wa Kiswahili: Leipzig, Hamburg na Bayreuth wanakifundisha.

Mwenye nyumba ya kumalizia Kigamboni na watoto wanaosubiri ada, ningemwelekeza Emirati. Anayetaka ukazi wa kudumu, na Kijerumani hakimtishi, aombe Ujerumani.