Kagari ka lita moja kwenye milima ya Bukavu: uzoefu wangu

Watu wananiulizaka sana kama hizi gari ndogo za Ujapani, zile za silinda tatu, ziko muzuri ao ni za kutupa makuta tu, juu wananiona nayo kila siku hapa Nyawera. Mi najibuka ivi: gari haiko mubaya, shida yake kubwa ni maji. Freni sawa, umeme sawa, ata bwate ya manuweli sawa, ila ile maji ya kupoza moteri njo yenye imenizungusha garaji zote kutoka Panzi paka Nguba.

Yangu ni okazyo, usukani kuume, lita moja (998 ku karatasi), haina turbo. Ikiwa mupya inatoaka farasi karibu 70, lakini hizo ni za hewa ya kule chini karibu na bahari. Huku tuko karibu mita 1500, hewa nyepesi, na moteri ya bila turbo inapotezaka karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu kila ukipanda mita 1000, kwa hiyo farasi kama kumi umeshazipoteza mbele ata ya kutoka kwenye parseli. Pakia sasa watu watano na gunia ya makala nyuma, panda Kadutu saa ya mvua na viteze ya kwanza, utasikia vile kanalia. Moteri inazunguka mbio, gari inatambaa, upepo hauingie mbele, joto inajikusanya tu.

Na kitu kibaya zaidi, haina mushale wa joto. Iko na taa mbili tu, ya bleu wakati moteri iko baridi na nyekundu wakati imeungua. Katikati hapo hakuna kitu, hauone kama iko ku 90 ao inakaribia kuchemka. Hiyo nyekundu ikiwaka umeshachelewa, simama pale pale, zima, usisubiri ufike paka ku mutaa wa Essence eti kuna garaji pale. Kichwa cha moteri ni aluminyumu, kikipata joto sana kinapinda, jwenti ya kilasi (ile yenye inaziba kati ya kichwa na moteri) inaachia, na kutoka hapo unaona moshi mweupe, maji inapotea bila kuona yenye inamwangika chini, oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Nikafika mimi mwenyewe hapo, na bei ya ile kazi bado inaniuma.

Sasa njo kitu chenye mafundi wengi hawakuambie. Huku kwetu maji haingoje 100 ili ichemke, karibu na 95 tayari inachemka juu ya urefu wa milima. Chenye kinaizuia kuchemka ndani ya moteri ni presha, na presha inashikwa na kile kifuniko kidogo cha radiateri chenye kako na kauchu na resori. Kauchu ikipasuka presha inatoka, maji inachemka mapema na kukimbilia ku kile kibidoni cha pembeni, unabaki unasema radiateri imeziba. Yangu waliniuzia radiateri nzima, nikafunga, gari ikaendelea kuchemka vilevile ku mulima wa kwanza. Mutoto moja wa garaji, kijana tu anajifunza kazi, njo alitoa kifuniko, akakunja ile kauchu na kidole, tukaona imekatika pande zote. Kifuniko kipya, shida ikaisha. Radiateri ya zamani hawakunirudishia wala sikuuliza, nilikua nimechoka.

Halafu ile tabia ya kutoa termosta, kale kamulango kenye kanazuia maji paka moteri ipate joto! Fundi alinitazama kabisa usoni akasema: mama, hiyo ni ya baridi ya Ulaya, huku haina kazi. Akaitoa, akatupa. Tangu pale nikishuka mulimani asubuhi ile taa ya bleu inawaka tena, moteri inajiona iko baridi, inajimwangia esanse ya kupita kipimo, na pompi ya kituo inanikula. Nilirudisha ingine ya digri zilezile, bleu ikazima na esanse ikarudi kama zamani. Kama fundi wako anakuambia aitoe, muache aongee.

Na maji yenyewe muweke likidi ya radiateri, si ile ya bidoni ya vijana wa ku ziwa. Maji ya Kivu iko na chumvichumvi mingi, inaacha ganda ndani na kula aluminyumu. Pompi ya maji pia inachokaka mapema ku hizi moteri, ukiona alama nyeupe ao ya pinki imekauka upande wa mukanda, ao unasikia inapiga filimbi asubuhi, usingojee. Kwa kutambua tu: ikichemka umekwama kwenye ambutiyaji lakini ukitembea inapoa, tazama ventilateri na relee yake. Ikichemka ukiwa unapanda na unatembea, ni radiateri, pompi ao kifuniko.

Zingine ni ndogo. Inatetemeka ukisimama, hiyo ni kawaida ya silinda tatu, lakini kauchu zenye zinashika moteri zinachoka, ikianza kutikisa paka usukani badilisha. Bobini moja (ile yenye inatoa moto ya buji) ikikufa unapoteza silinda moja kwa tatu, ata kapandisho kadogo kanakushinda, na mara nyingi utakuta esanse ya bakadafi, wale wanauzishaka ku bidoni pembeni ya barabara, iko na maji ndani. Amortiseri na rotile sina la kusema, hizi barabara zetu ata jipu haliwezi.

Lakini kwa mutu wa mujini mi bado naisifu. Inakunywa kidogo, inapita kwenye ambutiyaji ya Essence mahali wakubwa wanakwama, pisi unazipata bila kuagiza mbali. Kwenda Uvira kupitia Ngomo nayo, na muzigo, mi siwezi tena, lile joto la Kamanyola na kupanda tena ni kuitafutia kifo. Mwenye anafanya safari, achukue ya silinda nne ya 1.3, inakula esanse mingi kidogo kupita hii lakini inapumua.

Ukienda kununua, enda asubuhi na uwaambie wasiiwashe mbele ufike. Shika kapo, kile kifuniko cha juu ya moteri, ikiwa tayari iko moto ujue kuna kitu wanakuficha. Fungua kifuniko cha radiateri ikiwa baridi, tazama rangi ya maji, kama ni ya kutu rudia nyumbani. Washa, mapovu yakitoka bila kuisha, jwenti imeshaenda. Taa ya bleu inapaswa kuwaka na kuzima yenyewe kisha dakika chache, na nyekundu iwake kidogo ukigeuza ufunguo tu, juu kuna wenye wanatoaka ile ampuli ili usione kitu.