Darasa la Kiingereza la jioni hapa Nsambya, Kampala, ile "had" nimeielewa sasa

Jamani mi nimemaliza miezi miwili kwenye hili darasa, jina silitaji maana nina lawama zangu, ila pesa haikuenda bure.

Kilichonipeleka ni stetimenti. Simu yangu iliibiwa, nikaandika polisi "When I came out, the thief ran away", afande akaelewa nilimwona akikimbia, akaniuliza haya, alikuwa amevaa nini? Mi hata sikumwona, nilitoka nikakuta kashapotea! Madamu, mwalimu wetu, aliposikia akacheka weee, akaiandika ubaoni na kubadilisha kidogo tu, "the thief had run away", akaniambia sema kwa Kiswahili. Nikasema nilipotoka mwizi alikuwa ameshakimbia. Si hiyo hapo! "Alikimbia" simpo pasti, "alikuwa amekimbia" pasti pafekti, kumbe kitu nakisema tangu utotoni halafu miaka yote nakariri had na gone had na eaten kama kasuku.

Na tena akatukataza kumwaga had kila mahali. Ukisimulia kwa mfuatano, niliamka nikaoga nikapanda taksi, simpo pasti inakutosha mpaka mwisho, na ukiweka "after" au "before" mpangilio unajulikana wenyewe, "I ate before I left" haina shida. Ile ya "I had come yesterday but you were not there" anasema "came" tu yatosha, hapo nilibisha sana maana ndo ninavyoongea na wateja kila siku.

Sasa lawama. Benchi hazitoshi, umeme ukikatika tunasoma kwa tochi za simu (mi simu sina, haha), na fotokopi unalipia shilingi 500 kila karatasi wakati siku ya kujiandikisha walisema kila kitu kimo. Mbaya zaidi wiki ya mwisho wakatuletea kijana badala ya madamu, tukamuuliza "when we arrived the bus left" na "the bus had left" zina tofauti gani, eti zote sawa. Sawa wapi kaka? Ya kwanza basi limeondoka ukiwa umeshafika, labda hata konda umempungia mkono, ya pili umekuta vumbi tu.

Mkienda ulizeni kwanza madamu anafundisha siku gani, mimi alikuwa Jumatatu na Alhamisi, na fikeni kabla ya saa kumi na mbili, benchi za mbele zinaisha haraka.