Waya wa meno kwa mtoto mwenye EB: huduma tuliyoipata Upanga

Binti yangu ana miaka 13. Alizaliwa na ugonjwa wa ngozi uitwao EB, epidamolisisi bulosa, aina ya distrofiki. Kolajeni namba 7, protini inayoshikiza ngozi ya juu na ya chini, kwake ni dhaifu, kwa hiyo msuguano kidogo tu unainua lengelenge. Watu huona viganja na magoti. Mdomoni hawaoni, na huko nako ni hivyohivyo: mashavu kwa ndani, ulimi, mpaka kooni. Chipsi zilizokauka zinatosha kumchana.

Meno yake ya mbele juu yalipandana, na moja likawa linachoma mdomo kwa ndani kila anapotafuna. Lengelenge likipona, jingine linatokea palepale juu ya kovu. Hatukutafuta waya kwa urembo.

Kliniki ya kwanza siitaji. Nilishawaeleza mara mbili kuhusu ngozi yake, lakini msaidizi akavuta shavu kwa glovu kavu, na ngozi ya pembe ya mdomo ikabaki kwenye glovu. Mtoto hakulia. Alinitazama tu. Wiki mbili alikunywa uji uliopoa.

Hii ya Upanga, Dar es Salaam, ni ndogo, ipo ghorofani. Nilipopiga simu, daktari wa kupanga meno aliomba kwanza namba ya daktari wetu wa ngozi, wakazungumza kabla hajatuona. Siku ya kwanza hakugusa kitu.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba mwanangu. Nionyeshe mwenyewe panapouma, mimi nakaa hapa."

Akainua mdomo kwa kidole chake mwenyewe, daktari akamulika taa kwa mbali. Nilijua tumefika.

Tangu hapo kila tukienda utaratibu ni uleule. Mafuta ya mgando yanapakwa kwenye midomo, kwenye glovu, hata kwenye kioo cha kuangalizia meno. Mrija wa kunyonya mate unaegeshwa juu ya jino, kamwe si kwenye nyama laini. Pamba inaloweshwa kabla ya kutolewa, kwa sababu ikikauka inaondoka na ngozi. Hakuna plasta kubandikwa usoni. Picha ilipigwa kwa mashine inayozunguka kichwa, bila kumtia kitu kigumu mdomoni.

Daktari alikuwa mkweli pia. Alisema wenye EB kali, ambao makovu yameshaanza kuubana mdomo usifunguke vizuri, mara nyingi hawawekewi waya: wanang'olewa meno machache mapema, kwa mpangilio, yanayobaki yapate nafasi. Kwa binti yangu aling'oa mawili ya pembeni, tukasubiri kidonda kifunge, ndipo akagandisha vidude kwenye meno 4 ya mbele tu. Vidogo, vya mviringo, na waya mwembamba wa kusukuma polepole. Ncha ya waya aliikunja, akaipitishia kidole chake bila glovu kuhakikisha haikwaruzi.

Nyumbani tunatumia nta. Unachukua kipande kama punje ya choroko, unakiviringisha hadi kilainike, unafunika kidude. Usiku analala nayo. Mswaki ni wa mtoto mdogo, nyuzi laini, na dawa ya kusukutua ni ile isiyo na spiriti. Mwezi wa tatu tangu awekewe waya lilitokea lengelenge kubwa shavuni. Nilipiga simu saa moja asubuhi, saa nne tukawa pale. Akalitoboa kwa sindano safi maji yatoke lisizidi kutanuka, na kazi ya waya ikaahirishwa wiki tatu bila kutulipisha.

Sasa yale yanayonikera. Lifti hakuna, na kwa mtoto mwenye vidonda vya nyayo ngazi zile ni adhabu. Bima yetu ilikataa, ikasema waya ni urembo, na kliniki haikuwa na barua ya maelezo ya kutusaidia kukata rufaa. Niliiandika mwenyewe, dokta akaweka saini. Nimelipa shilingi milioni moja na laki nane mpaka sasa, kwa mafungu. Natoa nyota 4.

Ukienda, omba nafasi ya kwanza asubuhi, kwa sababu kila hatua inachukua muda mara mbili. Beba mto wako, kiti chao kina mshono mgumu pale shingo inapolala. Leo ni mwezi wa nane tangu awekewe waya. Lile jino limerudi ndani, na kovu la mdomoni halijafunguka tena tangu Ramadhani.