MGB yangu kwenye mashine ya rola: huduma iliyostahili kila senti

Nina MGB (gari la zamani la michezo la Uingereza) ya kabureta mbili za SU, vifaa vya kuchanganya petroli na hewa, ile yenye injini ya cc 1798 iliyotoka kiwandani Abingdon ikiwa na nguvu farasi 95. Yangu ilikuwa imepungukiwa sana. Ilikuwa inawaka vizuri, lakini kwenye mlima inachoka, na ukikanyaga mafuta ghafla inasita kwanza ndipo inaondoka.

Ushauri niliokuwa nikipewa kila upande ulikuwa mmoja: toa SU, funga kabureta moja kubwa ya Weber 45. Kwa gari la barabarani siukubali. Hedi ya injini hii, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda, ina matundu mawili tu ya kuingizia hewa kwa silinda zote nne, na kabureta kubwa haiyapanui. Halafu Weber, manifoldi yake (mabomba ya kuiunganisha na hedi) na jeti zake (vitundu vya kupimia petroli) vinagharimu kuliko huduma yote niliyofanyiwa mimi.

Nilichokilipia ni kutyuniwa kwenye rola, mashine ambayo magurudumu huzungushwa juu yake huku nguvu ya injini ikipimwa, na fundi aliyebobea katika injini za zamani. Kilichonifurahisha mapema ni kwamba alikataa kugusa kabureta kabla ya kupima afya ya injini: kompresheni (mgandamizo) ya kila silinda, nafasi za valvu (milimita 0.38 injini ikiwa baridi), na kama spindeli za kabureta (vifito vinavyozungusha vilango vya hewa) zinavuja hewa. Spindeli zikiwa zimelika, utarekebisha mchanganyiko mpaka uchoke na sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) haitatulia.

Tatizo kubwa lilikuwa kwenye distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda kwa wakati wake. Springi za vile vizito vya ndani, vinavyowahisha cheche kasi ikipanda, zilikuwa zimelegea, kwa hiyo cheche ilikuwa inawahi kupita kiasi kabla injini haijashika kasi. Kiwambo cha ombwe, kinachowahisha cheche unapoendesha taratibu, kilikuwa kimetoboka. Ndiyo maana lilikuwa linabugia petroli hata safarini. Distribyuta ilifanyiwa ukarabati, pointi (swichi ya zamani inayokata umeme ili cheche itoke) zikaondolewa na kuwekwa moduli ndogo ya elektroniki. Hakuna kitu cha bei hiyo kilicholibadilisha gari kama hicho.

Sindano za SU, zinazopima petroli inayoingia ndani ya kabureta, zilifuata. Nilikuwa nimeshafunga filta zinazopitisha hewa kwa wingi, na sindano za kiwandani hazikuongeza petroli ya kulingana na hewa hiyo. Fundi aliweka kipimo cha oksijeni kwenye eksozi, akabadilisha sindano moja baada ya nyingine mpaka mchanganyiko ukakaa karibu hewa 13 kwa petroli 1, kwa uzito, mafuta yakikanyagwa hadi mwisho. Kwa masikio peke yake huwezi kufika hapo. Manifoldi ya chuma ya eksozi aliiacha. Ya MGB ilibuniwa vizuri tangu mwanzo, na nilipenda kwamba hakunishawishi kununua nyingine.

Sasa gari linavuta bila kusita kuanzia mizunguko 2,000 kwa dakika, na milimani sihitaji tena kurudi gia ya tatu kila mara.

Lawama yangu ni moja: distribyuta ilipelekwa kukarabatiwa kwingine, ikabidi nirudi siku nyingine na kulipia muda wa rola upya. Wangesema wakati wa kuweka miadi, ningeitanguliza. Ukipanga kwenda, uliza hilo mapema.

Nikipata pesa, hedi itapelekwa kuchongwa matundu na kuwekewa siti ngumu za valvu kwa ajili ya petroli isiyo na risasi. Sindano zitachaguliwa upya, kwa hiyo nimemwomba fundi anitunzie chati ya sasa ya vipimo vya rola tuilinganishe na mpya.